Refa Aliyezijua Nchi Zote

Refa hakumwita mtu kwa jina. Alikuita kwa namba uliyovaa mgongoni siku ya kwanza alipokuona uwanjani, na namba hiyo ukaishi nayo mpaka uzeeni. Mwenye duka la saruji karibu na stendi yetu ya Tunduma, mtu mzima mwenye wajukuu na kitambi cha kuheshimika, kwa Refa alikuwa Nne. Mama mmoja muuza vitenge aliyedaka mwaka mmoja tu kabla ya kuolewa alikuwa Moja, na mumewe, ambaye hajawahi kupiga hata mpira wa makaratasi, alikuwa Mume wa Moja. Mimi nilikuwa Saba. "Saba, umekula?" "Saba, mbona umenuna, jua limekukosea nini?" Ilifika mahali hata mama yangu mzazi akaniita Saba, hasa akitaka kunituma.

Kwa kawaida mimi ni mtu wa kucheka. Nauza jezi, za mtumba na mpya, na ukitaka jina lako mgongoni nakubandikia kwa pasi huku unasubiri. Shule niliishia kidato cha pili, kwa hiyo msitegemee maneno makubwa. Nilikuwa na ndoto, na bado ninayo ila imejificha, ya kuvaa siku moja jezi ya taifa, ile yenyewe, siyo hizi ninazouza. Mtu wa kwanza kuniambia kwamba ndoto hiyo si wazimu alikuwa Refa. Na Refa huyo huyo nilimvua nguo mbele ya watu. Nitafika huko. Msidhani nakwepa. Nikianza na ubaya wangu mtanijua mimi tu, yeye hamtamjua, na yeye ndiye anayestahili kujulikana.

Alikuwa mwembamba, mgongo umenyooka, soksi nyeusi zimevutwa mpaka magotini. Alizivaa hivyo uwanjani, akazivaa hivyo sokoni, akazivaa hivyo kanisani chini ya suruali. Filimbi ilining'inia kifuani lakini nje ya uwanja hakuipuliza kamwe. Siku moja kibaka alipora simu ya mteja wangu, watu wakamwambia, "Refa, piga filimbi, askari asikie!" Akaibana filimbi kifuani na kumkimbilia yule kibaka mwenyewe kwa miguu, mzee wa umri ule. Hakumpata. Alirudi anahema, akasema, "Filimbi ni ya mpira."

Msibani alikaa nyuma, saa mkononi. Mahubiri yakizidi, alimwinamia jirani yake na kunong'ona, "Tuko dakika za nyongeza." Ukimtazama usoni huoni hata dalili ya kicheko. Wewe ndiye unayebaki unakufa kwa kicheko kwenye msiba wa watu.

Kazi yake ya kula ilikuwa kushona mipira na viatu, kibandani, hatua chache kutoka kwenye meza yangu. Lakini kitu kilichowaleta watu kwake kilikuwa nchi. Nikitundika jezi mpya, mteja haachi kuuliza. "Dada, hii Wales ni nchi au ni kampuni ya soda?" Mimi nilikuwa nageuza shingo tu: "Refa!" Naye anakuja na daftari lake.

Daftari lilikuwa la shule, la kurasa nyingi, lina vipande vya magazeti ya michezo alivyobandika kwa ugali. Kila ukurasa alikuwa ameupiga mistari mitatu. Mstari wa kwanza, nani ana bendera na rais wake au mfalme wake. Wa pili, nani anacheza mpira kama nchi. Wa tatu, nani anaingia Olimpiki kama nchi. Wewe unadhani ni kitu kimoja. Mimi pia nilidhani hivyo.

Hapa kwetu malori yanapanga foleni ya kuvuka, na dereva aliyekwama siku tatu anatafuta mtu wa kubishana naye kama vile anatafuta maji ya kuoga. Mmoja, mtu wa Tanga, mnene, sauti ya spika, alisimama pale akaapa kwamba Refa ni mwongo.

"Mzee, Uingereza ni nchi moja!"

"Kwenye mpira ni nne."

"Nne zinatoka wapi? Malkia wao si alikuwa mmoja?"

"Malkia hakucheza mpira."

Watu wakacheka mpaka dereva naye akacheka. Refa akamweleza taratibu, kidole kwenye daftari. Kwenye mpira wako peke yao England, Scotland, Wales na Ireland ya Kaskazini, kwa sababu wao ndio walioanza mchezo na walikuwa wamekaa mezani kabla wengine hawajapika. Wakienda Olimpiki wanavaa bendera moja. Kisha akamfungulia visiwa vya Faroe, ambavyo viko chini ya Denmark lakini vina timu yao ya mpira. Akamfungulia Monaco, ambayo ni nchi kabisa, ina mwana wa mfalme na kila kitu, na huioni kwenye Kombe la Dunia hata kwa mchujo. Akamwonyesha Puerto Rico, iliyo chini ya Marekani lakini Olimpiki inaingia na bendera yake. Akamalizia na kriketi, ambapo visiwa vya Karibiani, kila kimoja na serikali yake, vinajikusanya kuwa timu moja.

"Sasa nchi ni nini?" dereva akauliza, sauti imepungua.

"Inategemea mlango unaobisha hodi," Refa akasema. "Kila nyumba ina bawabu wake."

Alikuwepo pia kijana wa Kipemba aliyeuza makava ya simu upande wa pili wa barabara. Siku zote alisikiliza kwa mbali. Siku hiyo akavuka.

"Na sisi, Refa? Zanzibar umetuweka wapi?"

Refa alimvutia kigoda kwanza. "Kombe la ukanda wetu huu mnacheza kama nyinyi. Afrika iliwapokea, haikupita miezi mingi ikawatoa. Dunia haijawafungulia."

"Kwa hiyo sisi ni nchi au si nchi?"

"Kwenye daftari langu mpo."

Kijana akachungulia. Nami nikachungulia. Nchi zote Refa aliziandika kwa kalamu ya wino. Zanzibar, kwenye mstari wa mpira, aliiandika kwa penseli.

"Mbona sisi penseli?"

"Nangoja," Refa akasema, na nikamwona ameona haya, kana kwamba yeye ndiye aliyewafungia mlango. Akamwagizia chai.

Ukurasa alioupenda kuliko zote ulikuwa na kipande kimoja tu cha gazeti, picha ya timu ya wakimbizi ikitembea nyuma ya bendera ya Olimpiki. Watu wasio na nchi ya kuwatuma, lakini wamo. Nilimuuliza, "Hawa wana nini sasa?" Akasema, "Wana miguu." Akafunga daftari. Mimi na akili yangu ya jezi nilifikiria tu kwamba jezi yao ingeuzika.

Kwenye kibanda cha kuonyeshea mpira alikuwa kero. Wimbo wa taifa wowote ukipigwa, Refa anasimama. Iwe Brazil, iwe Iceland, iwe nchi ambayo hata mtangazaji anaitamka kwa kubahatisha.

"Mzee, kaa chini, unatuziba!"

"Watu wanaimba kwao."

"Wanaimba kwao, wewe uko Tunduma!"

Hakai. Na ukimtazama kwa pembeni, macho yake yana maji. Huyu ndiye yule yule aliyetukataza sisi wasichana kulia uwanjani. "Uwanja una nyasi chache, msizimwagie chumvi." Huyu ndiye aliyejua njia ya kufika visiwa vya Faroe, na yeye mwenyewe hakuwahi kupita Mbeya mjini. Na huyu ndiye aliyesema kila siku kwamba sheria ni karatasi, siyo huruma, lakini mechi kubwa kuliko zote hapa kwetu aliiendesha kwa sheria isiyo na karatasi yoyote.

Mechi yenyewe ni ya mpaka. Kila mwaka sisi wa Tunduma na wenzetu wa Nakonde, upande wa Zambia, tunakutana, wanaume siku moja, wanawake siku moja. Mgeni ataona rahisi: Watanzania huku, Wazambia kule. Aje ajaribu kupanga hizo timu. Huku mtu baba yake yuko Tunduma, mama yake Nakonde, shule kasoma huku, kliniki kapelekwa kule, Kinamwanga anaongea pande zote mbili, na bikoni, zile nguzo za zege za mpaka, zinapita karibu na choo chao. Ukisema ulete cheti, wengine wataleta viwili na wengine hawataleta hata kimoja.

Refa ndiye aliyeleta sheria ya chungu. Unachezea upande ambao ulikula chakula cha jioni kwa siku saba kabla ya mechi. Basi. Huulizwi ulizaliwa wapi, huulizwi ukoo. Chungu chako kinapikwa wapi? Pande zote mbili zilikubali, maana hakuna mtu hapa anayeweza kukataa chungu.

Na alikagua kweli. Jioni jioni ungemwona na soksi zake, anavuka huku na kule, anabisha hodi wakati wa chakula. Mchezaji wetu mmoja wa kati, dada mwenye mapafu kama ya ng'ombe wa kulima, watu wa Nakonde walidai kuwa ni wa kwao. Refa akaenda kwa mama yake kule Nakonde siku tatu mfululizo, akakaribishwa kila siku.

"Iwe, wewe Refa, umekuja kukagua au umekuja kula nshima?" mama yule akamuuliza siku ya tatu, akimtengea ugali.

"Siwezi kukagua chungu bila kuonja."

Aliamua dada yule ni wetu, kwa sababu siku zote tatu hakumkuta mezani kule. Wazambia wakalalamika kwamba Refa amewalia nshima yao na mchezaji wao. Lakini walicheka walipokuwa wakilalamika. Walimwamini. Pande zote mbili hazikuwa na refa mwingine waliyekubaliana juu yake.

Nilipokuwa mdogo zaidi nilimuuliza, "Sasa wewe Refa, chungu chako kiko wapi?" Akaniambia, "Refa hana upande." Nikaona ni jibu la refa.

Siku moja alikuja kwenye meza yangu mapema, kabla sijatundika chochote. Alikuwa na karatasi zimekunjwa ndani ya lile daftari la nchi. Akasema, "Saba, una mwandiko mzuri. Mikono yangu siku hizi inatetemeka." Kumbe ilikuwa fomu ya kuombea kitambulisho cha taifa. Nikacheka. "Refa, miaka yote hii huna?" Hakucheka. Nikashika kalamu.

Tulijaza pale pale juu ya jezi. Jina, ambalo ndiyo mara yangu ya kwanza kulisikia na sitalitaja hapa. Kazi. Kisha tukafika kwenye maelezo ya wazazi na mababu, na swali alilokuwa ameulizwa alipokwenda ofisini kwao mara ya kwanza: babu yako amezikwa wapi? Akaniambia. Makaburi ya kwao yako kwenye shamba ambalo leo liko upande wa pili wa bikoni. Walipozikwa hakuna aliyewaza bikoni. Alikuwa ameambiwa alete wazee wawili wa kumshuhudia, na wazee waliomjua kwa Tunduma nzima walikuwa wameshamtangulia. Kule Zambia nako hakuwa na karatasi, maana hakuwahi kuishi huko.

"Kwa hiyo uko wapi?" nikamuuliza. Nilimaanisha vizuri, naapa.

"Penseli," akasema.

Kisha akanishika mkono kidogo. "Hili libaki hapa, Saba. Siyo siri ya wizi. Ila refa akijulikana hana kwao, watu watamtafutia upande."

Nikasema, "Refa, mimi tena?" Nikampigia saluti kabisa, kwa utani wangu.

Sasa nimefika.

Ulikuwa mwaka ambao uvumi ulienea kwamba kuna dada kutoka timu kubwa ya wanawake ya Dar es Salaam anapita mikoani kutafuta vipaji, na kwamba atakuja kuangalia mechi ya mpaka. Sijui uvumi ulianzia wapi. Mimi niliuamini kuliko mwenye kuuleta. Nilifua viatu mara mbili. Nilimwambia mama, "Ukiniona Jumapili, niangalie vizuri, ndiyo mwisho wa kuniona bure." Mama akasema, "Nenda kalete maji kwanza."

Mechi ilikuwa bao moja kwa moja, zimebaki dakika chache. Nilikuwa nimefunga lile letu moja na nilikuwa najiona kabisa ndani ya basi la Dar. Nakonde wakapata kona. Nikarudi kusaidia ulinzi, ingawa si kazi yangu, ili dada wa Dar aone nina moyo. Mpira ukaja juu. Niliruka, mkono umenyanyuka, na mpira ukanigonga mkono wa kulia, juu kidogo ya kiwiko. Niliusikia. Ngozi iliwaka. Niseme hapa wazi, kwa sababu kwa miaka mitatu sikusema popote: mpira ulinigonga mkono, na nilijua.

Refa alikuwa hatua kumi. Filimbi. Penati.

Nilimwendea kama kichaa. "Haujanigusa!"

"Mkono, Saba."

"Refa, haki ya mama yangu mzazi, haujanigusa! Mama yangu afe kama umenigusa!"

Mama alikuwa pale pembeni, kavaa kitenge kizuri kwa ajili yangu. Refa alinitazama. Nakumbuka alipepesa macho, mara mbili, kama mtu aliyeingiwa na vumbi. Kisha akaonyesha kidole kwenye alama ya penati.

Wakafunga. Na hapo ndipo mdomo wangu ulipofunguka. Sikumwendea tena yeye. Niligeukia watu, uwanja mzima, pande zote mbili, nikapaza sauti hii hii ninayoitia wateja.

"Mnajua kwa nini anawapendelea Nakonde? Huyu hana nchi! Hana hata kitambulisho! Muulizeni babu yake kalala wapi! Kalala Nakonde!"

Mtu mmoja akacheka. Kisha vijana waliokaa juu ya ukuta wakalidaka, wakaligeuza wimbo, wanapiga makofi: hana nchi, hana nchi. Na hata baadhi ya wale wa Nakonde waliimba, maana wimbo mzuri hauna mpaka. Refa aliangalia saa yake. Akamaliza dakika zilizobaki, zote, hakupunguza hata moja. Alikimbia na mgongo wake ulionyooka katikati ya wimbo ule, akapuliza filimbi ya mwisho, akatoka.

Dada wa Dar hakuwepo. Hakuwahi kuwepo.

Wiki iliyofuata kamati ya mechi, yaani Nne mwenye saruji na wenzake wawili, walimwita wakamwomba nakala ya kitambulisho. Ni kwa utaratibu tu, Nne aliniambia baadaye, akikwepa macho yangu, maneno yakishasemwa hadharani lazima yajibiwe. Refa alisema hana. Nilimsikia kibandani akigonga viatu siku tatu, mimi hatua chache tu kutoka pale, nimeinama kwenye pasi yangu nabandika namba ambazo hakuna aliyeziagiza. Siku ya nne kibanda kilikuwa kimefungwa. Wakasema amekwenda kwa mpwa wake huko Ivuna, wanakovuna chumvi.

Sheria ya chungu ilikufa naye. Mwaka uliofuata walisema kila mchezaji alete karatasi. Timu zote mbili hazikutimia. Dada yetu wa mapafu ya ng'ombe alikuwa mmoja wa waliokosa kucheza. Alikuja kwenye meza yangu, akaangalia jezi moja moja bila kununua, akasema, "Wewe nawe, Saba," akaondoka. Angenitukana ningepona haraka.

Na mimi niliendelea kucheka. Hilo ndilo linaloniaibisha mpaka leo. Mteja akiuliza Wales ni nini nilimweleza mwenyewe, kwa maneno ya Refa, na watu wakasema, "Dada una akili!" Nikasema asante.

Miaka mitatu. Kisha mwaka huu, baada ya mavuno, nikajifunga kibwebwe. Nilijiambia nakwenda kuuza jezi kwenye mnada wa huko chini, na kweli nilibeba furushi, maana mwoga hasafiri bila kisingizio. Gari lilipita Chitete likitupepeta kama maharage kwenye ungo. Nikafika Ivuna jua la saa saba, uso umejaa vumbi, nikauliza watu, kwa mzee mwenye soksi ndefu ni wapi. Hata hawakuuliza soksi gani.

Alikuwa amekaa chini ya kibanda cha nyasi, anashona midomo ya magunia ya chumvi. Wanawake wanne walikuwa karibu wanakusanya chumvi na kujaza, mmoja wao mke wa mpwa wake. Ardhi pale ni nyeupe, inaumiza macho.

"Shikamoo, Refa."

"Marahaba." Akainua uso. "Saba! Umekonda. Hamna chakula Tunduma?"

Nikakaa. Alimwita mke wa mpwa wake akaleta maji, akasema, "Huyu ni mtoto wetu wa Tunduma, winga mzuri sana." Nikainamia kikombe.

Tuliongea habari za Nne, za Moja na mume wake. Kisha akatoa kitu kwenye mfuko wa shati akanipa nikishike. Kitambulisho. Picha yake, jina lake, kila kitu. Wazee wa huku walimjua mama yake, akasema, wakamshuhudia, hakikuwa na shida tena.

"Hongera, Refa."

"Nchi nimepata, Saba. Macho ndiyo yamekwenda."

"Macho yamefanya nini?"

Akaendelea kushona, na ingawa mikono ilitetemeka, sindano yake ilipita vizuri tu, tundu kwa tundu. "Ile penati. Uliapa kwa mama yako, na mama yako amesimama pale. Nikasema mtoto hawezi kuapa hivyo kwa uongo. Kwa hiyo mimi ndiye niliyeona kisichokuwepo. Na refa anayeona visivyokuwepo huyo si refa tena, ni mganga." Akakata uzi kwa meno. "Nilikuonea. Nilitaka kukuandikia, mikono ndiyo hivyo. Unisamehe, mwanangu."

Nikamrudishia kitambulisho chake.

"Refa, si uliondoka kwa sababu ya yale niliyosema? Ya kitambulisho?"

"Kuuma, yaliuma. Yaliniuma sana, sikufichi. Lakini yalikuwa ya kweli, na nilikuwa nimeshaishi nayo. Filimbi niliiacha kwa sababu ya macho. Hata watoto wa hapa wakinibembeleza niwachezeshee, nakataa. Nitawaonea."

Miaka mitatu mzee huyu alikuwa amekaa hapa akijiona kipofu, kwa sababu yangu. Nilikuwa nimejiandaa kuomba radhi kwa tusi. Sikuwa nimejiandaa kwa hili. Na tazameni nilivyo mbaya: kwa pumzi moja nilifikiria kukubali tu. Ameshanisamehe, ameniomba na msamaha juu. Ningeinuka na furushi langu, nikaondoka ni mtu safi.

"Refa," nikasema. "Uligonga."

"Nini?"

"Mpira. Uligonga mkono."

Sindano ikasimama. "Sema tena."

"Mpira ulinigonga mkono."

"Mkono upi?"

"Wa kulia."

"Wapi?"

"Hapa. Juu ya kiwiko."

Akanyoosha mkono wake mwenyewe, akajigusa pale pale, akaangalia mbali kama anayeiona ile kona inapigwa. Midomo yake ilitembea bila sauti. Kisha akasema polepole, "Niliona." Na tena, "Kumbe niliona." Uso wake ulifunguka kwa namna ambayo sikustahili kuitazama.

Halafu ukajifunga. Akageuka akanitazama, na safari hii hakupepesa.

"Siku ile ulisemea wapi, Saba? Ulisema kwa sauti hii?"

"Hapana."

"Simama."

Nikasimama. Wale wanawake wanne waliacha kazi.

"Sema kama ulivyosema siku ile."

Nilisema. Sauti ilitoka kama ya mgonjwa.

"Sijasikia."

Nikavuta pumzi, nikapiga kelele mchana ule wa Ivuna, mbele ya watu wasionijua wala kuijua mechi yenyewe, kwamba mpira ulinigonga mkono, kwamba ilikuwa penati, kwamba Refa aliona sawasawa na mimi niliapa uongo kwa mama yangu. Watoto wakatoka kwenye nyumba za jirani. Mwanamke mmoja akashika kiuno.

"Huyu binti ana nini jamani?"

"Mwacheni," Refa akasema. "Hajamaliza."

Na kweli nilikuwa sijamaliza. Lilibaki lile la siri yake, aliyoniwekea mkononi nikaitupa kwa watu. Hilo sikuweza kulipigia kelele. Nilipiga magoti pale kwenye chumvi, nikamsogelea sikioni, nikamwambia yeye peke yake.